Lokichar Hadi Kakuma: Kila Mtu na Karatasi Yake

Ukishateremka milima ya Pokot kupitia Marich, nchi inabadilika rangi. Kitale umeiacha na mahindi yake na ng'ombe wa maziwa. Huku chini ni migunga, mchanga, na vichuguu vya mchwa vyembamba, virefu kuliko mtu, kila kimoja kimesimama peke yake. Sisi wa Tanga hujidai kulijua joto. Lakini joto letu lina maji ndani yake: shati linalowa, upepo wa bahari unapita, unapata nafuu. La Turkana ni kavu. Jasho linakauka kabla hujalifuta, na kinachobaki shingoni ni chumvi.

"Umetoka Kenya?" kijana wa bodaboda aliniuliza niliposhuka Lokichar. Nikamwambia nimetoka Tanzania. Akafikiri kidogo. "Basi umepita Kenya." Wenyeji wengi wa huku husema hivyo, nusu kwa utani, nusu kwa kulalamika. Wakoloni waliifunga wilaya hii, mgeni asiingie bila kibali, na hata baada ya uhuru lami na shule zilichelewa kufika. Mtu akiiita Kenya mahali pengine, ana sababu zake.

Lokichar iko kando ya barabara kuu, yapata kilomita 80 kusini mwa Lodwar. Zamani dereva alisimama hapa kupoza injini na kunywa chai. Kisha Machi 2012 Rais Mwai Kibaki akatangaza kwamba mafuta yamepatikana katika kisima cha Ngamia 1, na mji mdogo wa wafugaji ukajikuta kwenye magazeti ya dunia. Leo kuna nyumba za wageni zenye majina makubwa kuliko vyumba vyake, maduka ya vipuri, mabenchi ya chai, mbuzi wanaopita katikati ya yote hayo bila haraka, na vibanda vya intaneti. Kimoja kilikuwa na kibao kilichoandikwa kwa mkono: FOMU ZINAJAZWA HAPA.

Nilikaa kwenye benchi la chai jirani na kibanda hicho, nikaagiza chapati na maharagwe. Mama mwenye chai, shanga zimempanda shingo nzima hadi kidevuni, alinimiminia chai ya maziwa ya mbuzi yenye harufu kidogo ya moshi. Mbele ya kibanda kulikuwa na foleni fupi. Msichana mmoja alitaka fomu ya mkopo wa chuo. Mwanamume wa makamo alitaka barua ya kuomba kazi ya ulinzi. Nyuma yao alisimama mzee, shuka begani, fimbo mkononi, na kile kigoda kidogo cha mti ambacho Waturkana hukiita ekicholong, kiti mchana na mto usiku.

Mzee alikuwa anajiandikisha darasa la Kiingereza. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi huwafundisha watu wazima jioni katika ukumbi wa kanisa, na anayetaka kujiunga hujaza karatasi moja: jina, umri, kazi, sababu ya kutaka kusoma. Karatasi yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Kijana wa kibanda alikuwa akimuuliza mzee kwa Kiturkana, anaandika kwa Kiingereza, na kunieleza mimi kwa Kiswahili, bila hata mara moja kuonekana anashangaa kwamba mtu inabidi ajue Kiingereza ili aombe kufundishwa Kiingereza.

"Mzee, unataka Kiingereza cha nini?" nilimuuliza.

Alikaa juu ya ekicholong yake kabla ya kujibu. "Mafuta ilikuja na karatasi," alisema. "Karatasi ilikuja na mtu wa kusoma. Mtu wa kusoma alikuja na bei yake."

Nikamlipia chai, naye akaendelea. Mambo ya ardhi, malisho na maji, alisema, wazee wa huku huyazungumza chini ya mti. Mzungumzaji husimama na fimbo yake, wengine hukaa na kusikiliza, na kila mmoja hupata zamu. Neno likishakubaliwa, wote walioketi pale ni mashahidi. Akija mtu baadaye kulipindua, kuna vinywa vingi vya kumrudisha. Karatasi haina mashahidi wa aina hiyo. Mwenye kuisoma ni mmoja, na wengine humwamini au humshuku.

Historia fupi ya mafuta ya Lokichar ina mengi ya kushukiana. Oktoba 2013 wananchi waliandamana wakidai ajira na zabuni, na kazi za visima zikasimama kwa muda. Juni 2018 malori ya kwanza ya mafuta ghafi yaliondoka kwenda Mombasa, na kabla mwezi haujaisha wananchi walikuwa wameyazuia barabarani, safari hii wakidai usalama. Agosti 2019 meli ikaondoka na shehena ya kwanza, mapipa 200,000 hivi. Mwaka 2025 Tullow, kampuni ya Uingereza iliyoyagundua mafuta hayo, ikaiuzia Gulf Energy ya Kenya sehemu yake. Kila hatua kati ya hizo ilikuwa na mikataba, ripoti na notisi, kurasa kwa kurasa za Kiingereza. Mzee huyu hajasema kwamba aliibiwa. Alichosema ni kwamba hajui, na amechoka kutojua.

Jioni alinikaribisha darasani. Ukumbi ulikuwa na taa moja ya sola na mabenchi ya ibada. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, wengine na watoto mgongoni. Mwalimu, kijana wa Katilu, aliandika ubaoni sentensi ya kujitambulisha kwa Kiingereza, akaisema kwa Kiturkana, akaisema kwa Kiswahili, kisha akarudi kwenye Kiingereza. Wanafunzi wakaimba nyuma yake. Alipowaita mmoja mmoja ubaoni ndipo nilipoona uzito wa jambo. Mama mmoja aliitamka sentensi nzima vizuri, lakini alipopewa chaki hakujua aanzie wapi. Hajawahi kushika kalamu. Anajifunza kusoma na kujifunza lugha ngeni kwa pamoja, mlima juu ya mlima.

Nilimkumbuka bibi yangu wa Muheza. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kijijini kwa bibi darasa la ngumbaru lilikuwa chini ya mwembe, mwalimu akiwa kijana aliyemaliza darasa la saba. Bibi alisoma kwa Kiswahili, lugha aliyokuwa akiuzia machungwa sokoni tangu ujana. Alichohitaji ni herufi tu; maneno alikuwa nayo. Alipomaliza vitabu vya kisomo aliweza kusoma barua za wanawe, na hakuna aliyemwambia kwamba bado hajasoma kwa kuwa hajui Kiingereza. Sisemi Tanzania ilimaliza tatizo. Wajukuu zake tulipoingia sekondari tulikutana na Kiingereza ghafla, kidato cha kwanza, masomo karibu yote, na wengi wetu tulikariri tusichokielewa. Mlima uleule, ila sisi tuliupanda tukiwa tayari tunajua kusoma.

"Mwalimu," nilimuuliza baada ya darasa, "kwa nini usianze nao kwa Kiturkana, au hata Kiswahili, halafu Kiingereza kifuate?"

Alicheka. "Nilijaribu. Walikuja wanne. Nikabadilisha jina la darasa, nikaita la Kiingereza, wakajaa. Sasa nafundisha kilekile nilichokuwa nafundisha, lakini polepole zaidi."

Kenya ina ukumbusho wa kiu hii. Nilipopita Eldoret nilimkumbuka Kimani Maruge, mzee aliyejiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo mwaka 2004, akiwa na miaka 84. Alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, ajue kama wahubiri wanaisema ilivyo. Mwaka uliofuata alipelekwa New York kuzungumza kwenye Umoja wa Mataifa kuhusu elimu ya bure. Watu humsifu kwa kupenda elimu, na ni kweli aliipenda. Lakini mimi huiona kwanza ile shuku yake: mzee aliyekataa kusomewa. Angekaa vizuri kabisa kwenye benchi la Lokichar.

Barabara ya kwenda Lodwar siku hizi ni lami, na safari ni fupi. Kando yake utaona wasichana wakichunga mbuzi na simu masikioni, na mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kuzuia jangwa ukageuka kero, umeziba kingo za kila laga, yaani mkondo mkavu wa mto wa msimu. Ukiukaribia mto Turkwel mikoma inaanza, na wanawake huyasuka majani yake kuwa vikapu. Lodwar yenyewe ni mji wa vumbi na mishahara: makao ya kaunti, benki, magari meupe ya mashirika, na juu ya kilima sanamu ya Yesu amenyoosha mikono. Mchana nilikula sangara wa Ziwa Turkana, amekaangwa mzima, na ugali mgumu. Kwetu Tanga samaki bila nazi na ndimu ni samaki aliyesusiwa. Hapa chumvi na njaa vinatosha, na sahani ilirudi tupu.

Hapa Lodwar ndipo Jomo Kenyatta alipozuiliwa kuanzia 1959, baada ya kutolewa gereza la Lokitaung kaskazini zaidi, hadi alipohamishiwa Maralal mwaka 1961. Nyumba aliyokaa ingalipo. Lakini habari iliyonikaa ni ya wenzake waliofungwa naye Lokitaung. Mwaka 1958 wafungwa hao walitorosha barua ya Kiingereza kueleza wanavyotendewa, ikafika London na kuchapishwa katika gazeti la The Observer. Muda mfupi baadaye Oginga Odinga akasimama katika Baraza la Kutunga Sheria na kuwataja Kenyatta na wenzake kuwa ndio viongozi wa watu. Jangwa lilichaguliwa ili sauti zao zisisikike, na karatasi moja ikalivuka. Niliposimulia hayo kwa binti mmoja wa chuo kikuu kishiriki cha Turkana, kilichoanza hapa mwaka 2017, alitikisa kichwa. "Wao walikuwa na Kiingereza tayari," alisema. "Mama yangu anauza vikapu. Akiandikiwa oda na mtu wa Nairobi, ananipigia simu mimi darasani nimsomee ujumbe." Sasa mama huyo naye anasoma jioni. Binti anamlipia karo, akiikata kwenye pesa yake ya matumizi.

Toka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita 120 hivi, milima imerudi nyuma na anga ni kubwa mno. Kisha, bila onyo, mabati: maelfu ya paa yanayong'aa hadi macho yanauma. Kambi ya wakimbizi ilianza mwaka 1992, walipofika wavulana wa Sudan waliokimbia vita, wakaenda Ethiopia, na kulazimika kukimbia tena serikali ya Mengistu ilipoanguka. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa 2016, wanaishi hapa watu zaidi ya 250,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Sokoni Kakuma 1 nilikula injera na mchuzi wa dengu kwa Waethiopia, nikanywa kahawa yao kwenye kikombe kisicho na mkono. Vichochoro vichache mbele Mkongomani alikuwa akitwanga sombe, yaani kisamvu, na duka la Msomali lilikuwa na maziwa ya ngamia. Kiswahili ndicho kilichonipitisha kote huko. Mnuer alinipangia bei kwa Kiswahili cha Kenya, mama wa Uvira akanijibu kwa Kiswahili cha Kongo, nami nikachangia cha pwani, na hakuna aliyepotea.

Lugha hiyo ya wote hakuna anayejiandikisha kuisoma. Watu huiokota njiani. Foleni iko kwenye Kiingereza. Shule za kambi hufuata mtaala wa Kenya, na shirika la Windle limekuwa likiendesha shule za sekondari. Wajesuiti walileta masomo ya juu ya mtandaoni mwaka 2010, stashahada ikitolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Denver, na baadaye wakaongeza kozi ya Kiingereza ya ngazi kwa ngazi, kwa kuwa asiye na Kiingereza hawezi hata kugusa hiyo stashahada. Mtu wa Sudan Kusini ana nafuu kidogo, nchi yake ilikifanya Kiingereza lugha rasmi ilipopata uhuru 2011. Mrundi na Mkongomani wamekuja na Kifaransa. Nilikutana na muuguzi wa Bujumbura, miaka mingi wodini, vyeti vyake vyote vya Kifaransa amevifunga kwenye mfuko wa plastiki. Anakaa benchi moja na vijana wa miaka kumi na minane, anajifunza kusema kwa Kiingereza majina ya viungo ambavyo amekuwa akivitibu nusu ya maisha yake.

Jirani yake darasani, kijana Mdinka mrefu kiasi cha kuinama mlangoni, ana dada Omaha, jimbo la Nebraska, penye jumuiya kubwa ya Wasudani Kusini. Dada huyo naye anasoma Kiingereza, kwenye chuo cha umma cha mji ule, Metropolitan Community College. Vyuo vya namna hiyo Marekani imekuwa navyo tangu mwanzo wa karne ya 20, vya karibu na nyumbani, ada nafuu, na kwa wahamiaji masomo ya Kiingereza mara nyingi hayalipiwi. Kijana alinisikilizisha ujumbe wa sauti wa dada yake, wenye Kidinka, Kiarabu cha Juba na Kiingereza. Ukifika, unapimwa kwanza, halafu unawekwa kwenye ngazi yako. Unasoma usiku baada ya kazi. Yeye anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, anatoka akiwa amechoka, anakaa darasani na Wamexiko na watu wa Myanmar. "Lakini fomu," kijana alinitafsiria akicheka, "anasema fomu ya huko ni ndefu kuliko ya huku."

Kijana mwenyewe alikuwa na kesi ya kuhamia huko. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi, na kesi yake ikasimama pamoja na za wengi. Nilidhani darasa lingepungua. Mwalimu wao alisema walipotea kwa wiki moja au mbili, kisha wakarudi, na wengine wapya wakaongezeka. Mgao wa chakula ulikuwa umepunguzwa mwaka huohuo, watu wanatafuta kazi na vibarua, na Kenya nayo imetangaza mpango wa kuigeuza kambi kuwa mji ambao mkimbizi na mwenyeji watatumia huduma zilezile. Kila moja ya habari hizo, mbaya na nzuri, ilifika Kakuma ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza.

Hapo nikaelewa kwa nini wale wa Lokichar walikimbia darasa la Kiturkana na kujaa la Kiingereza. Huku mtu hasomi Kiingereza kwa kukipenda, wala kwa kudharau lugha yake. Anafuata mahali ambapo mambo yake yanaamuliwa. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Rasmi maana yake fomu. Ingelikuwa fomu ya ajira ya Lokichar, notisi ya kisima na tangazo la mgao vinatoka pia kwa Kiswahili, na mikutano yake ikasemwa kwa Kiturkana, mzee mwenye ekicholong angeweza kujifunza Kiingereza kwa raha zake, kama anavyojifunza mtu kuendesha gari. Sasa anakisoma kwa hofu. Serikali inayomwandikia mwananchi kwa lugha asiyoijua, kisha ikamwachia atafute darasa la jioni, imemtoza kazi iliyokuwa yake yenyewe.

Lakini sitaki kumalizia kwa malalamiko, kwa sababu watu wenyewe hawakuwa wakilalamika. Walikuwa kazini. Siku ya kuondoka Kakuma yule muuguzi wa Bujumbura alinionyesha barua aliyoiandika mwenyewe, ya kwanza, kuomba jina lake lirekebishwe kwenye kadi, maana lilikosewa herufi tangu alipofika. Kiingereza chake kilikuwa na makosa mawili matatu. Nikatoa kalamu.

"Hapana, kaka," alisema, akaivuta karatasi upande wake. "Wataelewa. Wakiwa hawaelewi, wataniita, na mimi nitawaeleza."

Jirani zake, aliniambia, wameshaanza kumletea fomu zao usiku. Anawajazia bila malipo, na sharti lake ni moja: nafasi ya jina haigusi. Hiyo kila mtu anaijaza kwa mkono wake, hata ikichukua saa nzima.